Jalada la Masomo ya Taipu

Duka lilikuwa moja, shughuli mbili. Nusu ya mbele, iliyopata mwanga wa dirisha, ilikuwa ya mume, na humo mlikuwa na santuri: kwenye masanduku ya mbao, kwenye rafu zilizopanda hadi darini, na chini ya meza ambako hata panya walipita kwa kubanana. Nusu ya nyuma ilikuwa ya mke, na humo mlikuwa na kiti cha kusukia, kioo kirefu na vikopo vya mafuta ya nywele. Wateja wa mke walisukwa huku wakisikiliza muziki wa mume. Wateja wa mume walichagua muziki huku wakisikiliza umbea wa wateja wa mke. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Mume walimwita Sindano. Jina hilo alilipata kwa wembamba wake, likamganda kwa sababu hakuwa na mazungumzo mengine zaidi ya sindano za gramafoni: ipi imekwisha, ipi inakwaruza, ipi inalima santuri badala ya kuisoma. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka kwenda kuchukua sindano mpya aliyoiagiza kutoka mbali. Alirudi na kikasha kidogo amekishika kwa mikono miwili, akitembea pole pole kana kwamba amebeba yai.

Mkewe alimpokea mlangoni, chanuo limechomekwa kwenye nywele, uso umemchanua.

"Nipe hongera," akasema.

"Ya nini?"

"Nimeuza ile iliyokushinda. Ile ambayo hata ungeigawa bure watu wangeirudisha. Masomo ya taipu."

Sindano akaanza kucheka. Kicheko kilifika nusu ya safari, kikakwama. Alikiweka kikasha mezani, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya chini kabisa, pembeni, penye hotuba za kilimo bora na masomo ya hesabu. Alipapasa. Palikuwa na pengo la upana wa kidole.

"Umeuza na jalada lake?"

"Sasa mtu anauziwa santuri bila jalada? Nimeifunga kwenye karatasi, nikampa na risiti. Mama wa watu amefurahi, kidogo anibusu."

Sindano akakaa chini sakafuni.

Hapa inabidi niseme ugonjwa wa mtu huyu, maana bila kuujua mtamwona mwendawazimu. Duka lake lilikuwa na sheria moja aliyoiweka mwenyewe na kujivunia: chochote kilichoko rafuni, mteja ana haki ya kukisikiliza na ana haki ya kukinunua. Sheria nzuri, iliyomletea watu kutoka mitaa ya mbali. Lakini Sindano aliwapenda wateja wake kwa midomo na santuri zake kwa roho. Kila alipopata moja asiyotaka iondoke, aliichomoa kwenye jalada lake na kuiingiza kwenye jalada la kitu ambacho hakuna mwenye akili timamu angekiomba. Nyumbani asingeweza kuficha kitu, kwa kuwa mama yake alikuwa hapiti droo wala sanduku bila kulipanga upya. Kwa hiyo alificha mbele ya macho ya watu, na kwa miaka mingi mbinu ile haikumwangusha.

Ndani ya jalada la masomo ya taipu hamkuwa na masomo ya taipu. Mlikuwa na sauti ya mama yake.

*

Mama yake Sindano, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alikuwa na kiti chake pale pale mpakani, kati ya muziki na nywele. Alikaa ubavu, sikio la kulia limeelekezwa kwenye spika. La kushoto, alivyosema mwenyewe, lilikuwa limeshafunga duka. Daktari wa masikio alikuwa amemwambia Sindano faraghani kwamba la kulia nalo linafunga madirisha moja moja, na hakuna dawa ya kulizuia. Kila wiki Bibi aliomba sauti iongezwe kidogo. Kila wiki Sindano aliiongeza na kutazama pembeni.

Alipokuwa msichana, Bibi aliimba katika bendi ya vijana wa kiwanda cha viatu. Walirekodi wimbo mmoja tu. Siku ya kurekodi, aliingia kabla ya tarumbeta. Muda wa studio ulikuwa umekwisha na hela ya kurudia haikuwapo, basi santuri ikatoka hivyo hivyo, na kiongozi wa bendi akawaambia watu wote kiwandani kwamba binti amekurupuka akaharibu wimbo. Hakuimba tena. Hakuisikiliza hata siku moja ile santuri. Alimsimulia mwanawe alipokuwa mdogo, mara moja, akiwa anakunja nguo, kisha akafunga mdomo.

Sindano aliitafuta tangu alipofungua duka. Aliipata ndani ya katoni la jamaa aliyekuwa anahamisha vitu vya mjomba wake marehemu. Hakuicheza. Sindano yake ya zamani ingeikwangua, na pia alikuwa amejiapiza kwamba hataisikia kabla ya mama yake. Aliificha, akaagiza sindano mpya, akangoja.

"Mbona hukuniambia?" mkewe akauliza alipokwisha kusimuliwa, sasa na yeye amekaa sakafuni.

"Ungemwambia mama."

"Ningemwambia," mke akakubali. Kisha machozi yakamlengalenga. "Miaka yote unaniambia sijui biashara. Leo nimeuza kitu kimoja peke yangu."

Sindano akajisogeza karibu naye. Akamshika mkono wenye mafuta ya nywele, wakabaki hivyo.

"Mnanong'ona nini huko chini?" Bibi akauliza kutoka kitini. "Mnadhani sikio moja ni sawa na hakuna?"

"Tunatafuta kifungo, mama," mke akasema.

"Kitafuteni kwa sauti basi, na mimi nipate habari."

*

Mnunuzi alikuwa karani mstaafu, na bahati njema alikuwa mwenye maneno. Wakati wa kununua alikuwa amekwisha kumweleza mke anakoishi, ghorofa ya pili juu ya duka la mikate, na jinsi jirani wa chini anavyompikia moshi. Sindano alipanda ngazi mbili mbili. Alipofika mlangoni alisikia gitaa, likifuatwa na ngoma. Haraka akaziba masikio kwa vidole vyote viwili, akaugonga mlango kwa goti.

Karani akafungua. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo yaliyopitiliza, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Alimtazama mwanamume mwembamba aliyeziba masikio mbele ya mlango wake.

"Kama umekuja kulalamikia kelele," akasema, "mwambie aliyekutuma aanze yeye na moshi wake."

"Nini?" Sindano akauliza.

"Nimesema aanze yeye na moshi."

"Sikusikii, mama. Zima kwanza, tafadhali. Nakuomba sana."

Karani alimwangalia zaidi, akaona huyu ama mgonjwa ama ana shida ya kweli, akaenda kuzima. Ndipo Sindano akashusha mikono, akajieleza: yeye ndiye mwenye duka, pametokea makosa, karani ameuziwa santuri isiyo yake, naye amekuja kumrudishia hela na kuichukua.

"Makosa nimeyaona," karani akasema. "Nilikaa mezani, nikaweka karatasi kwenye mashine, vidole tayari, nangoja mwalimu aniambie nianze. Akaanza mpiga gitaa. Nusura nichape wimbo mzima."

"Samahani sana, mama."

"Samahani ya nini? Sijalalamika. Nimeicheza tangu nilipofika. Kuna mahali pamoja humo, kila pakipita narudisha sindano."

"Usiniambie mahali gani," Sindano akasema upesi. "Hela yako hii hapa. Nakupa na mara mbili yake."

Lilikuwa kosa. Karani akavaa miwani ili amwone vizuri.

"Kijana, mimi nimeonekana nina njaa? Pale dukani kwako, juu ya mlango, kuna maandishi makubwa mekundu. Nimefanya kazi ya kusoma maandishi ya watu miaka thelathini. Nikumbushe yanasemaje."

Sindano akatazama viatu vyake. Maandishi yale aliyaandika mwenyewe kwa brashi, baada ya watu kuzoea kununua santuri siku ya sherehe na kuirudisha baada ya sherehe ikiwa na soda.

"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi," akasema kwa sauti ndogo.

"Sijasikia. Au na mimi nizibe masikio?"

"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi, mama."

"Ahaa."

Basi akaona hakuna namna ila kusema ukweli wote: mama yake, kiwanda cha viatu, tarumbeta, daktari wa masikio. Aliongea akiwa bado amesimama mlangoni, na majirani wawili waliokuwa wakipita walipunguza mwendo ili wasipitwe. Karani akamwingiza ndani. Akakaa, akifungua na kufumba viganja.

"Mama yako masikio, mimi vidole," akasema hatimaye. "Vinakakamaa. Nimeambiwa nivifanyishe kazi kila siku, lakini kuchapa bila yule mwalimu siwezi. Nilijifunza kwa santuri ile, yule bwana anahesabu, nawe unagonga. Nimeitafuta kila mahali. Nilipoiona kwako nilitaka kulia. Ikawa siyo." Akamtazama. "Yangu iko wapi?"

Sindano akajaribu kukumbuka. Masomo ya taipu aliyatoa kwenye jalada lao siku ile alipoficha wimbo. Aliyaweka wapi? Hakukumbuka hata chembe.

"Niletee mwalimu wangu, uchukue mama yako," karani akasema. "Na usininunie. Nikikupa leo, mimi utanitafutia lini?"

Sindano alijipima kwa haki, akaona kweli asingetafuta. Akashuka ngazi moja moja.

*

Njia ilikuwa moja tu: kufungua kila jalada dukani. Mke aliwapanga watu jinsi alivyozoea kuwapanga wateja wake. Siku hiyo alikuwa na vichwa vitatu, kimoja nusu kimesukwa, kimoja kimefumuliwa, kimoja kimepakwa dawa, na wote watatu wakapewa sanduku la santuri mapajani.

"Kichwa hakina haraka," akawaambia. "Chomoeni, someni karatasi ya katikati, rudisheni. Mkiona jina halifanani na jalada, piteni nayo kwangu."

"Kwani mnatafuta nini?" Bibi akauliza.

"Masomo ya taipu, mama," Sindano akasema.

Bibi akamgeukia mkwewe. "Ameanza lini?"

Haikupita muda, aliyepakwa dawa akapaza sauti. Ndani ya hotuba za kilimo bora alikuwa amekuta nyimbo za mapenzi. Kisha mwenye nusu kichwa akatoa dansi la kasi kutoka kwenye hadithi za watoto. Ndani ya masomo ya hesabu mlikuwa na mpiga kinanda aliyekuwa kipofu, na ndani ya jalada la sauti za treni mlikuwa na kwaya. Sindano alisimama katikati ya duka, kila siri yake ikitolewa nje na mikono yenye mafuta, uso umemwiva.

"Na hizi ulikuwa unamficha nani?" mke akauliza, amezishika nyimbo za mapenzi.

"Wewe," akajibu. "Ungeziuza."

Mke hakujua acheke au amtandike nazo. Akacheka, na duka zima likacheka naye.

Wakasema basi zichezwe, maana santuri haijulikani kwa karatasi peke yake. Ya kwanza ilipolia, mpita njia mmoja akasimama dirishani. Ya pili, wakawa watano. Mwalimu wa shule ya jirani aliingia na mkoba wake, akasikia kipofu akipiga kinanda, akaweka mkoba chini na kuuliza bei.

"Hiyo haiuzwi," Sindano akasema.

"Iko rafuni," mkewe akamkumbusha, tena mbele ya watu. "Sheria ni ya nani?"

Sindano akataja bei huku anameza mate. Mwalimu akalipa bila kupunguza. Baada yake alikuja mwingine, kisha wawili waliogombea santuri ya dansi la kasi mpaka wakakubaliana kuimiliki kwa zamu, wiki huyu, wiki yule. Habari ikazunguka mtaani kwamba Sindano amefungua ghala. Watu waliokuwa wamepita mbele ya duka lile miaka mingi wakiamini ni la wazee waliingia wakacheza, wengine wakiwa na mifuko ya sokoni mikononi. Mapato kama ya siku ile hayakuwahi kuonekana pale. Na ajabu ni kwamba kila santuri ilipotoka mlangoni ikiwa kwapani mwa mtu anayetabasamu, maumivu ya Sindano yalipungua kidogo, hadi akajikuta anawasimulia wanunuzi jinsi alivyoipata kila moja.

Lakini mwalimu wa taipu hakupatikana. Majalada yote yalifunguliwa, hata ya chini ya meza. Mwenye nusu kichwa akarudi kitini. Bibi alikuwa amefurahi siku nzima, akipiga mguu chini, ila alikuwa ameomba sauti iongezwe mara mbili. Sindano alilisikia ombi la pili, akaegemea rafu na kufumba macho.

"Basi," akamwambia mkewe. "Nimempoteza."

Mke alikuwa ameacha kusuka. Alikuwa anaitazama gramafoni. Kwaya ilikuwa imekwisha na mtu alikuwa ameiondoa, lakini sahani ya mashine ilikuwa bado inazunguka, na juu yake palizunguka kitu cheusi, cha mviringo, chenye mistari myembamba.

"Baba," akasema pole pole. "Ule mpira wa kutandika chini ya santuri, si ulikatika?"

"Ulikatika. Nikatandika..."

Akaiinamia sahani. Alikuwa ametandika santuri moja isiyo na faida. Tangu siku ile kila wimbo uliopigwa dukani, wa mapenzi, wa dansi, wa kwaya, ulizungukia mgongoni mwa mwalimu wa taipu.

Sindano akazima mashine. Alimkumbatia mkewe mbele ya wateja, jambo ambalo hawakuwahi kumwona akilifanya, na chanuo likamchoma shavuni.

"Biashara sijui," mke akasema ndani ya bega lake, "lakini kuona naona."

*

Sindano hakupata nafasi ya kwenda ghorofani. Karani alikuwa amechoka kungoja. Aliingia akitweta, jalada la masomo ya taipu kifuani, akisema kelele za duka hili zinafika mpaka kwenye mikate. Walimwekea mwalimu wake kwenye mashine, wakamtandikia kitambaa chini. Santuri ilikwaruza na kugonga kila mzunguko, lakini sauti ya yule bwana ilitoka, kavu na yenye subira, ikihesabu. Karani alikaa kwenye ukingo wa meza na vidole vyake vikaanza kugonga mbao, kwanza kwa kusita, kisha sawasawa.

"Mwalimu wako anagongagonga," Sindano akaomba radhi.

"Mwache hivyo hivyo," karani akasema. "Ananisaidia kupanga mwendo."

Wakabadilishana. Sindano alifungua kikasha, akaifunga sindano mpya, mkewe amemshikia taa. Kisha akaenda kupiga goti upande wa kulia wa mama yake.

"Mama. Kiwanda cha viatu."

Bibi alimtazama usoni. Rangi ikambadilika.

"Zima," akasema.

"Haijaanza."

"Basi isianze. Mwanangu, unataka watu wote hawa wasikie nilivyoharibu?"

Alitaka kusimama. Ni karani aliyemzuia, kwa kuweka kiganja chake kinene juu ya goti la Bibi.

"Wewe ndiye yule binti?" akamuuliza. "Kaa, mama. Kaa tu, hata kwa ajili yangu."

Bibi akakaa. Mke akasogeza spika karibu, na Bibi akaweka mkono juu ya mbao zake. Gitaa likaanza, likafuatwa na ngoma, duka likiwa kimya na watu wamejaa mpaka mlangoni. Kisha gitaa na ngoma vikanyamaza vyote kwa pamoja, pakawa na nafasi tupu, na katika nafasi ile akaingia msichana, peke yake, bila chombo chochote, akimsihi mtu asiondoke kabla mvua haijakatika. Sauti ilikuwa changa na haina woga. Tarumbeta lilikuja nyuma yake likikimbia, kama mtu aliyechelewa miadi.

Karani aliinua kidole. "Hapo. Hapo ndipo ninaporudisha sindano."

"Hapo ndipo nilipoharibu," Bibi akasema.

"Uliharibu nini? Ungengoja lile tarumbeta, huu ungekuwa wimbo kama nyimbo nyingine."

Bibi akajivuta karibu zaidi na spika. "Rudisha," akamwambia mwanawe.

Akarudisha. Safari hii Bibi alifumba macho, na ilipofika ile nafasi tupu, aliingia pamoja na yule msichana, sauti moja imekwaruza na nyingine haijakwaruza, zote mbili kabla ya tarumbeta, zote mbili kwa wakati wake. Mwenye nusu kichwa akaanza kulia waziwazi. Sindano alilia pia, wala hakujificha.

"Kumbe ni pazuri," Bibi akasema wimbo ulipokwisha. Alisema kwa mshangao kwanza, halafu kwa hasira kidogo, kisha akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika. "Miaka yote hiyo. Kumbe ni pazuri, na yule mjinga hakusikia."

Alijifuta macho. Kisha akafungua pochi yake.

"Bei gani?"

"Mama, ni yako. Ni zawadi."

"Sijaomba zawadi. Nakaa dukani kwa mwanangu kila siku, nasikiliza bure, sijawahi kununua hata moja. Mkwe wangu, wewe ndiye muuzaji hapa. Bei gani?"

Mke akataja bei ile ile ya masomo ya taipu. Bibi akalipa, akakataa kuipokea santuri hadi aandikiwe risiti. Kwa kuwa haikuwa na jalada, aliikumbatia hivyo hivyo, kwa kingo zake, jinsi mwanawe anavyowafundisha watu.

Nyuma yake, yule mwalimu wa shule alikuwa ameshajipenyeza tena.

"Mama, hiyo unaweza kuniuzia?" akauliza kwa adabu. "Nitatoa bei yoyote. Au hata duka liichukue, mimi ninunue dukani."

Bibi alimgeuzia sikio la kulia ili asikie vizuri, akasikia, akatabasamu. Kisha akaelekeza kidole juu ya mlango.

"Soma pale," akamwambia.

Mwalimu akasoma kwa sauti, na duka zima likasoma naye.